Taa ya Kijani ya Pampu ya Kanisa

Kabla Parmuat hajampa jina la Pakiteng, alikuwa tu Peterson Wasike, Mbukusu wa Bungoma, fundi, baba yake Nasike, mpangaji wa vyumba viwili nyuma ya soko la Kitengela. Alifika huko mwaka wa tisini na nne, wakati pundamilia walikuwa bado wanavuka barabara ya Namanga asubuhi na wapangaji ni wa kuhesabika. Mkewe Elsie alilia wiki ya kwanza yote kwa sababu ya upepo.

"Baba Nasike, hapa hata mti wa kuegemea hakuna," alimwambia. "Mtu akizirai ataanguka mpaka chini."

Wasike akacheka, akamjengea kibaraza cha mabati. Ndivyo alivyokuwa. Ukimletea shida hakusema mengi, alitafuta misumari.

Kazi yake ilikuwa Nairobi, katika kampuni ndogo iliyofunga mitambo ya kupima: mizani ya malori, matangi ya maziwa, boila. Ndani ya mitambo hiyo mlikuwa na kompyuta, lakini si zile za ofisini zenye kioo na kibodi. Hizi zilikuwa bodi za upana wa kiganja, zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Ukitaka kompyuta iongeze kazi nyingine unaipandishia kadi juu, na juu ya hiyo kadi nyingine, zinakaa kama sufuria zilizopangwa kabatini. Wasike kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila moja imepata umeme wake.

"Kila kadi iko na chakula chake," alimweleza Elsie jioni moja, bodi ikiwa mezani karibu na bakuli la mboga. "Hii ya chini ndio ubongo. Inakula volti tano, basi. Hii ya juu ndio inasikiliza mambo ya nje. Inataka tano, tena inataka kumi na mbili, tena kumi na mbili ingine, ya chini ya sifuri."

"Chini ya sifuri kuna nini?"

Wasike akafikiri. "Chukua kisima. Mdomo wa kisima ndio sifuri. Tangi liko juu ya mdomo, maji yako chini ya mdomo. Mtu akisimama pale anaweza kupima kwenda juu na kupima kwenda chini. Sasa ukimnyima upande mmoja…"

"Atajua nusu tu."

"Hapana, Mama Nasike. Akijua nusu atanyamaza. Huyu atasema kila kitu, lakini atakosea. Hiyo ndio mbaya yake."

Elsie akasema Mungu amsaidie mtu wa namna hiyo, kisha akaondoa bakuli kabla waya haijaingia kwenye sukuma.

Mwaka wa tisini na tisa kanisa lao lilichimba kisima ng'ambo ya Isinya, njia ya kwenda Kajiado, kwenye kipande cha ardhi alichokitoa mfugaji mmoja aliyeitwa Parmuat. Wafadhili wa ng'ambo walituma pampu, jenereta ya kuizungusha na sanduku la kuiongoza, na ndani ya sanduku mlikuwa na kompyuta ya aina ile ile. Mzee Githongo, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitengela, alilifungua, akatazama zile waya, akalifunga tena.

"Peterson," akasema, "hii ni nyoka. Njoo uishike wewe."

Wasike akaishika. Aliteremsha kisimani kidude cha chuma kwenye waya mrefu, cha kuhisi maji yako kimo gani. Kile kidude kiliiambia kadi, kadi ikaiambia bodi, na bodi iliwasha taa. Taa ya kijani, maji yapo, pampu ivute. Taa nyekundu, maji yameshuka, pampu isimame ipoe. Maana pampu ya kisima ikivuta hewa badala ya maji huungua, na ikiungua ndio mwisho wake. Umeme wa sanduku ulitoka kwenye sola na betri, ukapita kwenye kigawa umeme kidogo kilichotoa zile tano, na zile kumi na mbili za juu, na zile kumi na mbili za chini. Wasike alizipima zote kwa mita yake, moja baada ya nyingine, akaomba kwa kifupi, akawasha.

Maji yalipotoka akina mama walipiga vigelegele. Naeku, mke wa Parmuat, ambaye maisha yake yote alikuwa anafuata maji na punda, alikaa chini kwenye tope, akaliacha limpande mpaka magotini. Parmuat alikwenda zizini, akarudi na dume jekundu lililohasiwa, lenye baka jeupe shingoni.

"Huyu ni wako," alimwambia Wasike.

"Mzee, nitamweka wapi? Mimi napanga."

"Atakaa na wangu. Lakini ni wako. Na kuanzia leo sikuiti Wasike, na wewe usiniite Parmuat. Mimi ni Pakiteng. Wewe ni Pakiteng."

Kwao Wamaasai ndivyo ilivyo. Waliopeana ng'ombe wanaacha majina yao, wanaitana kwa ile zawadi. Wasike alirudi Kitengela na hilo jina kama mtu aliyepewa koti zuri analoona aibu kulivaa. Lakini alilivaa. Kampuni ilipofungwa mwaka uliofuata akafungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni, na kila Jumamosi alikwenda kuangalia pampu. Mtu angemsikia Parmuat akiita kutoka mbali, "Sopa, Pakiteng!" na sauti ya Kibukusu ikijibu, "Ipa, Pakiteng!" na wachungaji wakicheka jinsi alivyoivuta.

Miaka ikaenda hivyo. Ndipo simu za mkononi zikafika.

Kijana wa kwanza wa Parmuat alikuwa amepata kibarua Magadi, akamnunulia mama yake simu. Stima ya karibu ilikuwa Isinya. Naeku akawa anaibeba ile simu shingoni ikiwa imezima, kama shanga.

Jumamosi moja Parmuat alimngoja Wasike mlangoni mwa kibanda cha pampu.

"Pakiteng, hili sanduku lako liko na umeme?"

"Liko nao."

"Mchana kutwa?"

"Na usiku."

"Na Naeku hajasikia sauti ya mtoto wake tangu mvua zile. Utaninyima waya moja?"

Wasike alitoa kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja. Upande wa kumi na mbili ulikuwa na nguvu iliyobaki, si nyingi. Simu moja ingetosha. Akachomoa waya kutoka kwenye kigawa umeme, akauwekea mdomo mmoja wa kuchaji, akaupitisha dirishani.

"Simu moja, Pakiteng. Ya Naeku. Zikiwa mbili umeme utapungua."

"Moja," Parmuat akasema.

Na kweli ilikuwa moja, kwa muda. Naeku alikuwa akikaa chini ya dirisha akizungumza na Magadi kwa sauti ya juu kana kwamba anamfikia mtoto kwa mapafu yake mwenyewe, na Wasike akisikia alifurahi.

Mwisho wa mwaka wa elfu mbili na tano mvua za vuli hazikuja. Wafugaji walianza kupita na mifugo kutoka upande wa Namanga na Mashuuru, wembamba, wenye vumbi mpaka kwenye kope, na kila mmoja wao alikuwa na simu, kwa sababu simu ndiyo iliyowaambia nyasi ziko wapi. Walifika kwenye kisima, wakanywesha, wakaona ile waya dirishani.

Sasa mwambie Mmaasai mwenye boma amnyime mgeni, tena mgeni aliyetembea na ng'ombe wanaokufa. Parmuat hakuweza. Walichuna ile waya, wakaisokota na nyingine, na nyingine, mpaka simu zikawa zinaning'inia kwenye ua wa miiba kama nyama inayokaushwa. Wasike hakuziona. Jumamosi hizo alikuwa Bungoma, baba yake alikuwa mgonjwa, na alipokufa akakaa kumzika.

Aliporudi alikuta kanisa limejaa furaha. Visima vya upande ule vilikuwa vinakauka kimoja kimoja, lakini taa ya Pampu ya Kanisa ilikuwa kijani. Asubuhi kijani, jioni kijani. Jumapili ile Mzee Githongo alisimama wakati wa ushuhuda, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, jirani zetu wanachota matope. Sisi tuko na taa ya kijani. Hii si akili ya mtu. Ni nani amefanya?"

"Ni Bwana!" kanisa likajibu.

"Ni nani?"

"Ni Bwana!"

Wasike naye alijibu. Akiwa benchi la nyuma, nguo zake za matanga bado zinanuka moshi, aliinua mikono. Elsie alimwona machozi yakimtoka akafurahi, maana tangu msiba hakuwa amelia. Mita yake ilikuwa ndani ya mfuko, miguuni. Fundi mzima, aliyejua kwamba ardhi yote inakauka na maji ya kisima hayawezi kukaa palepale mwezi mzima kama maji ya ndoo, alisikia habari ile akashukuru. Hakuuliza. Ingekuwa mashine ya watu wengine angeuliza. Lakini hii waliiombea wakiwa wameshikana mikono, na jibu la maombi mtu halipimi kwa mita.

Juma lile lile pampu iliungua.

Parmuat alimpigia simu mwenyewe. "Pakiteng, inanuka."

Wasike alifika mchana. Jenereta ilikuwa imezimwa, ng'ombe wamezunguka birika wakilamba saruji. Kwanza aliona simu kwenye ua. Alisimama akazitazama. Kisha akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa mita.

Volti tano zilikuwa tano kamili. Ndiyo maana bodi ilikuwa hai, ndiyo maana taa iliwaka vizuri. Zile kumi na mbili za juu zilikuwa nane. Zile za chini hazikufika sita. Kadi ya kusikiliza kisima ilikuwa imekosa chakula chake kwa muda mrefu, na kama alivyomwambia Elsie zamani, haikunyamaza. Ilikwama kwenye ile namba ya mwisho iliyoijua, ya siku ambayo maji yalikuwa juu, ikawa inairudia. Na bodi iliyoshiba, isiyo na sababu ya kushuku, ikawa inawasha kijani.

"Ni zile simu?" Parmuat aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni zile simu."

"Ulisema moja."

"Nilisema moja."

Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, na ingekuwa heri wangesema.

Mtu angedhani hasara ni pampu. Mzee Githongo alizunguka makanisa na ofisi, wafadhili wakaona huruma, ikapatikana nyingine. "Na hii ni ya mwisho," alirudi akisema. "Wamesema wazi. Ikiungua tusipige hata simu." Lakini hasara ya kweli ilikuwa nyingine, na Wasike aliielewa alipowatazama ng'ombe wa Parmuat. Majirani wote ambao visima vyao vilikauka mapema waliondoka mapema, ng'ombe wakiwa bado wana nguvu ya kutembea mpaka milimani. Parmuat alikaa, kwa sababu ya taa. Sasa nyasi za njiani zilikuwa zimekwisha, na ng'ombe wake walikuwa wanainuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia.

Pampu mpya iliteremshwa, lakini kile kigawa umeme kilikuwa kimechoka kabisa upande wa kumi na mbili, na kingine kingetoka ng'ambo kwa meli. Wasike akatafuta misumari, kama kawaida yake. Alichukua betri ya spika za kanisa na betri ya pikapu ya Mzee Githongo, akaziunganisha moja kwa nyingine, na pale katikati zinapokutana akapaita sifuri. Kutoka hapo kwenda upande huu alipata kumi na mbili za juu. Kwenda upande ule, kumi na mbili za chini.

"Kwa hivyo spika zimenyamaza na mimi natembea kwa miguu," Mzee Githongo akasema, "ili kadi moja ishibe."

"Ishibe iseme ukweli, Mwenyekiti."

"Haya. Wacha iseme."

Wasike alipima. Zilikuwa zimezidi kidogo, lakini kuzidi kidogo kadi huvumilia, ni kupungua ndiko kunakoipotosha. Aliwasha. Jenereta ikanguruma, taa ikawaka kijani, maji yakatoka meupe na baridi, na watu wakapiga kelele. Naeku alijaza mtungi mmoja, akajaza wa pili. Kisha, kabla ng'ombe wa kwanza kwenye birika hajainua kichwa, taa ikageuka nyekundu. Pampu ikanyamaza.

Watu wakamtazama Wasike. Akapima tena. Juu, sawa. Chini, sawa. Tano, sawa.

"Imeharibika?" Mzee Githongo akauliza.

"Hapana," Wasike akasema. "Maji yameisha. Tungoje yapande."

Yalipanda polepole, mpaka jua likapinda. Ikawa hivyo kila siku: pampu inavuta muda wa chai kuchemka, inalala nusu ya mchana, inavuta tena. Yaliyotoka yalitosha mitungi ya wamama na tangi la shule. Ng'ombe hawakuweza kunywa wakatosheka. Kamati ikaamua watu kwanza, na Wasike akawa analala pale pale kibandani ili mtu asiguse zile betri.

Asubuhi moja ya juma la pili Parmuat alikuja akakaa karibu naye juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa amekonda. Alichora mchangani kwa fimbo.

"Pakiteng. Ile wakati sanduku lilidanganya, maji yalikuwa yanatoka?"

"Yalitoka mpaka pampu ikaungua."

"Yalitoka siku mingi?"

"Siku kadhaa. Ile ya mwisho ilikuwa inavuta tope."

"Tope ng'ombe anakunywa." Akafuta mchoro wake, akachora tena. "Mimi sitaki mwaka mzima. Nipee hizo siku kadhaa. Wakinywa siku kadhaa watasimama, wakisimama nitawatembeza mpaka Nairobi, kwa nyasi za barabarani. Wewe toa tu betri moja. Ile ya chini ya sifuri. Mimi nimekuona ukiunganisha, naweza kutoa mwenyewe, lakini mimi siwezi kuiba kwa Pakiteng. Nakuomba."

Wasike alikuwa akifikiri kwa kweli, na hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alifikiri. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Waya moja. Kadi ingekosa chakula upande mmoja, ingekwama kwenye namba yake, taa ingekaa kijani. Hata lawama isingekuwepo, betri hulegea. Na lile dume jekundu lenye baka jeupe, ambalo kila Jumamosi lilimjua likamjia kulamba chumvi, lilikuwa limelala nje ya ua, na kichwa chake kimeelekea kwenye birika.

"Pakiteng, pampu hii ikifa hakuna ingine."

"Najua."

"Naeku atakunywa nini? Watoto wa shule?"

"Watakunywa kwa punda, kama zamani. Mtu anaweza kukaa bila pampu, tumekaa. Mimi bila ng'ombe ni nani?"

"Punda zitaenda wapi? Kila mahali pamekauka."

Parmuat akaacha kuchora. Hakuinua sauti. "Kisanduku chako kiliniambia maji yapo, nikakaa. Majirani waliondoka, mimi nikakaa, nikawacheka. Sasa kimeanza kusema ukweli wakati siwezi kutembea. Kama kilikuwa na uongo wa kunimaliza, hakina uongo wa kunisaidia?"

Wasike alifunika uso kwa viganja. Aliomba, na mtu akiomba hivyo maneno hayapangiki. Alimwambia Mungu kwamba kosa ni lake, amtoze yeye, asimtoze mwingine. Hakusikia jibu. Alisikia wamama wakifika na mitungi, na sauti ya Naeku akiwapanga foleni.

"Siwezi," akasema. "Nisamehe. Siwezi kuinyima tena."

Parmuat akainuka. Akakung'uta shuka. Aliitazama ile taa nyekundu ndani ya kibanda, kisha akamtazama rafiki yake.

"Sawa, Wasike," akasema.

Aliondoka kesho yake na ng'ombe walioweza kusimama.

Wasike alibaki na zile betri. Kila asubuhi na kila jioni alizipima, akazichaji kwenye sola, akasafisha vichwa vyake kwa maji ya moto na kitambaa. Elsie alimletea chakula Jumapili, akamkuta hajanyoa, midomo imepasuka.

"Si ungetafuta mtu akae hata siku moja?"

"Nani? Kila mtu hapa ana ng'ombe."

Akamega ugali, akaushika mkononi bila kuula. Elsie akakaa naye. Hakumwambia kwamba yeye anaomboleza jina tu na watu wengine wanaomboleza mali. Aliimba wimbo kwa sauti ya chini mpaka chakula kikapoa.

Mwezi wa pili ukiisha, barabara ya kutoka Isinya ilikuwa na mizoga pande zote mbili na watu wakipita wanafunga madirisha. Siku moja ya juma Wasike alikuwa amekwenda Kitengela kutafuta maji ya betri. Alikuwa anafungua kibanda chake alipoona mtu amesimama kivulini, na fimbo, na mzigo uliokunjwa begani.

Parmuat aliuweka mzigo kwenye meza, juu ya redio zilizofunguliwa matumbo. Ilikuwa ngozi. Nyekundu, na baka jeupe.

"Alifika mpaka karibu na mto," Parmuat akasema. "Nilimvuta. Akakataa. Mtu akichunga ng'ombe ya mtu na ikufe, anarudisha ngozi, ili yule mwenyewe asiseme aliuzwa."

"Singesema hivyo."

"Ndio desturi."

"Na wako? Waliobaki ni wangapi?"

Parmuat akatazama barabara. "Naeku ako na mbuzi," akasema.

"Keti, Pakiteng. Nikuletee chai."

"Asante, Wasike. Nimekunywa."

Na akaenda.

Mvua zilikuja mwezi wa nne, nyingi, za kuleta hasira. Kisima kilipanda, taa ikawa kijani, na mara hii ilikuwa kijani ya haki. Kanisa lilifanya ibada ya shukrani. Betri za spika na pikapu zilirudishwa siku kigawa umeme kipya kilipofika, nyimbo zikasikika mpaka barabarani. Mzee Githongo alimtaja Wasike kwa jina, kwamba alilinda pampu wakati wa jaribu, na watu wakapiga makofi. Wasike aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Pampu ile haikuungua. Hakuna mtoto wa upande ule aliyekunywa tope, na hiyo si kazi ndogo mbele za Mungu. Lakini ungemtazama usingeona mtu aliyeshinda kitu.

Ile ngozi aliitandika chini, kando ya kitanda, upande wake. Elsie alilalamikia harufu mara moja tu. Alipoona kwamba ni hapo anapopigia magoti asubuhi, akaacha.

Parmuat alipata kazi ya ulinzi kwenye duka la Mzee Githongo, akapanga chumba Kitengela peke yake. Naeku alibaki nyumbani na mbuzi na pampu. Kila Jumamosi Wasike akienda kupanda gari la Kajiado alipita mbele ya lile geti. Parmuat angekuwa amesimama, na koti la kazi juu ya shuka.

"Sopa, Wasike."

"Ipa."

Basi. Ndivyo walivyosalimiana mwaka mzima, kwa adabu, kama watu waliojuana ofisini.

Mwaka wa elfu mbili na saba Wasike aliuza televisheni zake mbili nzuri na baiskeli, akanunua ndama jike mweusi katika soko la Kajiado. Hakumwambia mtu ila Elsie. Alimwongoza kwa kamba mpaka kisimani, akamfunga kwenye ua, akampa Naeku kamba mkononi.

"Mwambie mzee ni wake."

Naeku alimtazama yule ndama, akamtazama Wasike. Ile waya ya kwanza ilipitishwa dirishani kwa ajili ya simu yake, na hakuna mtu aliyemkumbusha siku zote hizo, lakini alikuwa anakumbuka. Alimpapasa ndama mgongoni.

"Nitamwambia. Lakini unamjua."

"Namjua."

"Anaweza kumrudisha."

"Akimrudisha, arudishe mzima. Mimi nitampokea."

Wasike aliingia kibandani, akafungua sanduku, akapima kama kawaida yake. Tano. Kumi na mbili za juu. Kumi na mbili za chini ya sifuri. Alisoma kila moja kwa sauti, maana tangu ule mwaka hakuiamini taa hata kidogo. Alipotoka, Naeku alikuwa amekwisha kumnywesha ndama.

Jumamosi iliyofuata alichelewa kutoka nyumbani. Elsie alimsukuma mlangoni. Alipofika mbele ya geti la duka Parmuat alikuwa pale, anafagia. Aliacha kufagia. Akaegemea ufagio kama alivyokuwa akiegemea fimbo.

"Sopa," akasema.

Wasike akangoja.

Parmuat akarudi kwenye ufagio wake. Hakumwita Pakiteng. Lakini hakumwita Wasike pia. Aliiacha salamu hivyo hivyo, bila mwenyewe.

"Ipa," Wasike akajibu, naye bila jina, akashika njia ya stendi na mita yake ndani ya mfuko.